Jiwe, Kamba na Pumzi: Tarikhi ya Koti la Mzamiaji

Mwanadamu ni kiumbe wa nchi kavu. Samaki wengi wana kibofu cha hewa tumboni, na kwa kibofu hicho hukaa katikati ya maji pasipo kupanda wala kushuka, kama ndege aliyetandaza mbawa juu ya upepo. Mwanadamu hakupewa kibofu hicho. Akijaza pumzi kifuani huelea. Akiitoa huanza kuzama. Na kati ya hali hizo mbili hana makao ya kudumu. Kwa sababu hiyo kila mtu aliyetaka kufika chini ya bahari, awe anatafuta riziki, elimu au furaha, alilazimika kwanza kujibu maswali mawili: atashuka kwa nguvu gani, na atapanda kwa nguvu gani?

Majibu ya maswali hayo yamehifadhiwa katika vyombo vya uzamiaji kama tarikhi ya taifa inavyohifadhiwa katika magofu yake. Leo mwanafunzi wa uzamiaji akiingia dukani kununua koti la kuelea, yaani vazi lile lenye mfuko wa hewa ambalo mtungi hufungwa mgongoni mwake, huyakuta makoti ya kila namna yametundikwa, na muuzaji yu tayari kulisifu lililo ghali. Aghalabu mwanafunzi hajui kwamba karibu kila valvu na kila mkanda katika koti lile ni jibu la taabu iliyowapata watu waliozamia kabla yake. Wala hajui kwamba nyuma ya maswali yale mawili limejificha la tatu, nalo ni zito kuliko yote: mkono wa nani utashika amri ya kushuka na kupanda?

Yafaa tarikhi hii ianzwe katika Ghuba, baina ya Bara Arabu na Uajemi. Huko, kwa karne nyingi, watu wa Bahrain, Kuwait, Qatar na pwani ambayo leo ni ya Falme za Kiarabu walizamia chaza ili kupata lulu. Msimu mkubwa ulikuwa wakati wa joto, kuanzia karibu na mwezi wa Juni hadi Septemba. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio cha pembe au gamba la kasa, akavaa ngozi vidoleni, na akatundika kikapu cha nyuzi shingoni. Kisha alitia mguu katika kitanzi cha kamba yenye jiwe, akavuta pumzi, akajiachia. Jiwe lilimshusha kwa haraka bila ya yeye kupoteza nguvu yake, na nguvu aliyoiweka akiba ilikuwa pumzi aliyoiweka akiba. Alipofika chini aliutoa mguu wake, na mwenzake aliyebaki chomboni, aliyejulikana kwa jina la saibu, akalivuta jiwe juu. Mzamiaji akaokota chaza kwa muda wa dakika moja au zaidi kidogo. Pumzi ilipomwishia aliitikisa kamba ya pili, na saibu akamvuta mpaka juu.

Fundi wa leo akikipima chombo hiki hawezi kukidharau. Kilimpa mtu uzito wakati wa kushuka tu, na kikamwondolea uzito huo mara alipokuwa hauhitaji tena. Jiwe lilifanya kazi ya vizito, na kamba ikafanya kazi ya koti. Hapakuwa na valvu ya kuharibika wala mpira wa kupasuka. Hata hivyo chombo kile kilikuwa na kasoro moja ambayo haikuwa katika jiwe wala katika kamba. Mzamiaji hakuwa na amri juu ya kurudi kwake. Saibu akisinzia, au akichelewa kuisikia kamba, mtu wa chini hakuwa na njia ila kutapatapa mwenyewe kuelekea kwenye nuru.

Na saibu naye hakuwa juu ya mambo yote. Juu yake alikuwapo nahodha, na juu ya nahodha alikuwapo mfanyabiashara aliyekopesha fedha za safari. Wazamiaji wengi walianza msimu wakiwa wamekwisha kula fedha za msimu huo, na deni la baba liliweza kumfuata mwana. Zaidi ya hayo, si wote waliotia mguu katika kitanzi waliotia kwa hiari yao. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 wamo waliokuwa watumwa, na miongoni mwao wamo watu waliochukuliwa kutoka Afrika ya Mashariki wakavushwa bahari. Matthew S. Hopper, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2015, ameonyesha jinsi soko la dunia la lulu na tende lilivyouongeza utumwa huo. Kwa watu hawa swali la tatu lilikuwa limekwisha kujibiwa na wengine. Hawakuchagua jiwe, hawakuchagua kina, hawakuchagua siku ya kupumzika.

Biashara ile ilianguka baada ya mwaka wa 1929, pale dhiki ya uchumi ilipoikumba dunia na lulu za kufugwa za Japani zilipojaa sokoni. Mwandishi wa Australia, Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait mpaka Unguja na Rufiji katika miaka ya 1938 na 1939, aliyaona masalio yake. Mabaharia wale waliopakia boriti za mikoko katika maji ya Rufiji walirudi kwao, na wako miongoni mwao ambao bahari ya lulu ilikuwa ikiwangojea pamoja na madeni yake. Basi msomaji wa Kiswahili anaposoma habari za uzamiaji asidhani kwamba ni habari za watu wa mbali. Ncha moja ya kamba ile imepita katika pwani yake.

Wakati watu wa Ghuba walipokuwa wakijua kwa mazoea, watu wengine walitafuta sababu. Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa katika mwaka wa 212 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kitu kilichozama hunyanyuliwa na maji kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasukuma. Mtu akichukua nafasi ya lita 80 za maji ya bahari, ambayo kila lita yake ina uzito wa kilo moja na gramu 25 hivi, hunyanyuliwa kwa nguvu ya kilo 82. Akiwa mzito kuliko hapo, huzama, akiwa mwepesi kuliko hapo, huelea, akilingana, hukaa. Kanuni hiyo yatosha kwa jiwe na kwa gogo, lakini haitoshi kwa hewa, kwa kuwa hewa haikai na kipimo kimoja.

Sehemu iliyobaki aliitoa Robert Boyle wa Uingereza katika mwaka wa 1662. Alionyesha kwamba hewa ikikandamizwa mara mbili, nafasi yake hupungua ikawa nusu. Ikikandamizwa mara nne, huwa robo. Nayo bahari hukandamiza sana. Kila mita 10 za kina huongeza mkandamizo unaokaribia ule wa anga zima lililo juu ya uso wa nchi. Kwa hiyo mfuko laini wenye lita 10 za hewa juu ya maji huwa na lita 5 katika mita 10, lita 3 na theluthi katika mita 20, na lita 2 na nusu katika mita 30. Msomaji na atazame vizuri hesabu hii. Mageuzi makubwa hayako chini kabisa, kama mwoga anavyodhani, bali yako karibu na juu. Kutoka mita 30 hadi 20 hewa huongezeka kwa theluthi tu. Kutoka mita 10 hadi juu huongezeka maradufu.

Hapa ndipo ilipo siri ya taabu yote ya mzamiaji. Mtu aliyebeba hewa katika mfuko laini, akipanda kidogo, hewa yake hutanuka na kumpandisha zaidi. Akishuka kidogo, hewa husinyaa na kumshusha zaidi. Usawa wake ni mfano wa nazi iliyowekwa juu ya mgongo wa mashua iliyopinduliwa. Yaweza kutulia, lakini kila msukumo mdogo huivingirisha, na ikianza kwenda haijizuii.

Giovanni Alfonso Borelli wa Italia aliifikiria shida hiyo mapema. Katika kitabu chake juu ya mwendo wa wanyama, kilichotolewa baada ya kifo chake kilichotokea katika mwaka wa 1679, alichora mtu chini ya maji mwenye bomba lenye mchi ndani yake, ili kwa kuusukuma mchi aongeze au apunguze nafasi ya hewa kama samaki afanyavyo kwa kibofu chake. Chombo kizima cha Borelli hakingaliweza kumhifadhi mtu hai, kwani namna yake ya kumpatia pumzi ilikuwa ya makosa. Hata hivyo katika mchoro ule mlikuwamo wazo lililongoja karibu miaka 300 kupata mwili: kwamba mzamiaji mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, awe mwenye kujifanya mzito au mwepesi.

Ulimwengu ulichukua kwanza njia nyingine. Augustus Siebe, Mjerumani aliyefanya kazi London, alitengeneza katika mwaka wa 1837 vazi lililofungwa kabisa, lenye kofia ya shaba yenye vioo, na hewa ikapelekwa ndani kwa pampu iliyokuwa juu ya chombo. Mavazi ya Siebe yalitumiwa katika kazi ya kuyaondoa mabaki ya manowari Royal George, iliyozama karibu na Portsmouth katika mwaka wa 1782. Vazi lile lilikuwa mfuko mkubwa wa hewa, nalo lingalimwelesha mtu kama chupa tupu. Kwa hiyo mzamiaji alifungwa risasi, yaani madini yale mazito, kifuani na mgongoni, akavikwa viatu vyenye nyayo za risasi, hata jumla ya mavazi yake ikakaribia kilo 80. Alikwenda chini kama mtu aendaye matembezini, kwa miguu.

Siebe alimpa mzamiaji valvu ya kutolea hewa, na kwa valvu hiyo mzamiaji alipata kwa mara ya kwanza sehemu ya amri. Lakini ilikuwa sehemu tu. Akiifunga mno, vazi lilivimba, mikono yake ikatanuka asiweze kuifikia valvu tena, akarushwa juu kwa kasi. Akishuka kwa ghafula kuliko pampu ilivyoweza kumfuata, maji yalilikandamiza vazi juu ya mwili wake, na msiba huo uliweza kuua. Hewa yake ilikuwa mikononi mwa waliozungusha pampu, na lugha yake ilikuwa bado mitikiso ya kamba. Kwa hiyo, ingawa miaka ilipita na shaba ikachukua mahali pa pembe, mtu wa chini alibaki amefungwa kwa mtu wa juu.

Kamba ilikatwa katika mwaka wa 1943. Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alikutana na mhandisi Émile Gagnan, aliyekuwa ametengeneza valvu kwa ajili ya motokaa zilizoendeshwa kwa gesi kwa kuwa petroli ilikuwa adimu wakati wa vita. Wawili hao waliigeuza valvu ile impe mtu hewa kutoka mtungini kila anapovuta pumzi, kwa mkandamizo ulio sawa na ule wa maji yanayomzunguka. Mtu akaweza kuogelea chini ya bahari pasipo pampu, pasipo kofia ya shaba, na pasipo saibu.

Uhuru huo ulikuja na mzigo wake, kama ilivyo desturi ya kila uhuru. Wazamiaji wa kwanza wa namna hii hawakuwa na koti la kuelea. Walivaa mkanda wenye vipande vya risasi kiunoni, wakajipima mpaka wakawa karibu na usawa, kisha wakatumia mapafu yao. Mtu akivuta pumzi kubwa hupanda polepole. Akitoa pumzi ndefu hushuka. Hiyo ndiyo elimu ya kwanza ya kuelea, na hakuna chombo kilichoifuta mpaka leo. Katika maji ya joto, kwa mtu aliyevaa nguo nyepesi, ilitosha.

Haikutosha katika maji ya baridi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, alibuni vazi la mpira wa neopreni lenye vitundu vidogo vidogo vya gesi vinavyozuia joto la mwili kupotea. Vazi hilo liliwafungulia watu bahari za baridi, lakini lilileta fumbo jipya. Vitundu vile humwelesha mtu juu ya maji, kwa hiyo humlazimu kuvaa vizito vingi. Akifika chini, vitundu hukandamizwa kwa kanuni ya Boyle, vazi likapoteza wepesi wake, na vizito vikabaki vilevile. Aliyekuwa sawa juu akawa mzito chini, na mapafu peke yake hayakuweza kuifidia tofauti ya kilo kadhaa. Basi koti la kuelea halikuzaliwa kwa anasa. Lilizaliwa kwa sababu vazi lililomkinga mtu na baridi lilimwongezea hatari ya kuzama.

Mfaransa Maurice Fenzy alipata hataza ya koti lake katika mwaka wa 1961. Lilikuwa mfuko uliovaliwa shingoni na kushuka kifuani, nalo lilikuwa na kichupa chake cha hewa iliyoshindiliwa. Wazo la Borelli sasa lilikuwa limepata mwili. Koti la Fenzy lilikuwa hodari sana juu ya maji, kwani lilimlaza mtu chali na kuuweka uso wake nje hata akiwa amezimia. Chini ya maji halikuwa na adabu hiyo; hewa iliyokusanyika shingoni ilimwinua mtu kichwa, na koti likapanda mpaka masikioni isipokuwa limefungwa kwa mkanda uliopita katikati ya miguu.

Miaka ya 1970 ilileta mabadiliko mawili. La kwanza ni mpira mwembamba uliounganisha mtungi mkubwa na koti, hata mtu akaweza kujaza hewa kwa kubonyeza kitufe. La pili ni kuhamishwa kwa mfuko. Kampuni ya Scubapro ilitoa koti lenye mikono wazi kama kizibao, na hewa yake ikauzunguka mwili. Wazamiaji wa mapango ya Florida, ambao kwao kuinamisha miguu ni kutibua tope na kupoteza njia ya kurudi, walitaka mwili ulale sawasawa kama ubao. Wao walichukua bamba la chuma au la alumini, wakalifunga mgongoni kwa mikanda, na mfuko wa hewa wakauweka baina ya bamba na mtungi. Mfuko huo huitwa bawa.

Hizo ndizo koo tatu ambazo makoti ya leo yametoka kwazo: la shingoni, ambalo sasa ni nadra kuonekana, la kizibao, na la mgongoni. Mwanafunzi akiijua nasaba yao hahitaji kuuliza lipi ni bora, kwa maana atakuwa anajua kila moja lilitafuta nini. Kizibao humweka mtu wima kwa raha juu ya maji anapongojea mashua, lakini kikijaa hewa hubana mbavu. Koti la mgongoni humlaza vizuri chini ya maji, lakini likijazwa mno juu ya maji huelekea kumsukuma kifudifudi, na mvaaji hana budi kujifunza kuegemea nyuma. Hakuna lililokosa kasoro, na muuzaji anayesema lipo yafaa aogopwe.

Hata hivyo kosa kubwa la wanaoanza haliko katika ukoo wa koti, bali liko katika vizito. Na wafikiriwe wanafunzi wawili wanaoshuka pamoja hadi mita 10. Wa kwanza amepimwa vizuri, na hewa iliyo kotini mwake ni lita moja. Wa pili aliogopa kutozama, akaongeza kilo 4 za risasi zisizohitajika. Basi amelazimika kuweka lita 4 zaidi kotini ili azibebe, na jumla yake ni lita 5. Wakipanda wote mpaka mita 5 bila ya kutoa hewa, lita moja ya wa kwanza huwa lita moja na theluthi, naye aweza kuirekebisha kwa kutoa pumzi. Lita 5 za wa pili hukaribia lita 6 na theluthi mbili, na nguvu ya zaidi ya kilo moja na nusu yaanza kumvuta juu. Akifika karibu na uso wa maji hewa yake ni lita 10. Mtu huyu atalaumu koti, na mwaka ujao atanunua jingine kubwa zaidi, ambalo litamwezesha kukosea kwa kadiri kubwa zaidi.

Kurushwa juu si aibu tu. Hewa iliyo mapafuni hutanuka kama hewa iliyo kotini, na anayeizuia pumzi yake kwa hofu aweza kupasuka mapafu katika mita chache za mwisho. Tena, tangu Haldane wa Uingereza alipotoa majedwali yake katika mwaka wa 1908, imejulikana kwamba naitrojeni iliyoingia mwilini chini ya mkandamizo yataka muda wa kutoka. Ndiyo sababu wanafunzi hufundishwa kupanda kwa mwendo usiozidi mita 9 au 10 kwa dakika, na kungoja dakika 3 katika mita 5 kabla ya kutoka. Kungoja huko ndiko mtihani wa kweli wa kuelea: mtungi umekaribia kwisha, mwili umekuwa mwepesi, na juu ni karibu mno.

Wepesi huo una hesabu yake. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa mkandamizo wa anga 200 una lita 2400 za hewa, na hewa hiyo ina uzito unaokaribia kilo 3. Mzamiaji anapoivuta na kuitoa huupoteza uzito huo kidogo kidogo. Mtungi wa alumini, ambao ulikuwa ukizama ulipojaa, huanza kuelea unapokaribia kwisha. Wa chuma aghalabu hubaki mzito. Kwa hiyo vizito hupimwa kwa hali ya mwisho wa mbizi, wala si kwa mwanzo. Mwanafunzi akiwa na mtungi uliokaribia kwisha, koti halina hewa, na pumzi ya kawaida imo kifuani, maji yanapaswa kumfika usawa wa macho; akitoa pumzi, azame polepole. Asipozama, aongeze kidogo. Akizama kama nanga, apunguze.

Baada ya kipimo hicho uchaguzi wa koti huwa mwepesi. Nguvu yake ya kunyanyua yatakiwa iushinde uzito wa hewa ya mtungini pamoja na wepesi ambao vazi la mpira litaupoteza chini, na iweze kukielesha chombo kizima kikivuliwa juu ya maji. Katika maji ya Unguja, Mafia au Watamu, ambako vazi jembamba latosha, koti la kilo 10 au 12 aghalabu humtosha mtu mmoja mwenye mtungi mmoja. Katika machimbo ya Uingereza yaliyojaa maji baridi, mwenye vazi nene na mtungi wa chuma ana haja ya zaidi. Anayenunua koti kwa kufuata sifa za nchi ya baridi, kisha akalileta Pemba, amenunua jibu la swali ambalo bahari yake haikumwuliza.

Yamebaki mambo ya mkononi. Koti likae mwilini bila ya kupanda likijazwa, wala lisimzuie mtu kuvuta pumzi yote. Hili lataka kujaribiwa likiwa limevaliwa na kujazwa, kwani kipimo kilichoandikwa kwenye ukosi ni cha mwili wa mtu mwingine. Kitufe cha kujaza na kitufe cha kutoa viweze kutofautishwa kwa vidole, macho yakiwa yamefumbwa. Valvu za kutolea hewa ziwepo begani na chini mgongoni, kwa sababu hewa hutafuta mahali palipo juu, na mwili wa mzamiaji hauko wima sikuzote. Vizito viwe vya kuweza kuachiliwa kwa mkono mmoja. Mpira wa kujazia uweze kung'olewa upesi, kwa maana kitufe kikikwama hewa haikomi kuingia. Mengineyo, kama mifuko mingi, vikuku vya kutundikia vitu na rangi za kupendeza, ni mapambo, na aliye mwanafunzi ahesabu mapambo mwisho.

Pemba ni mahali panapofaa kuikumbuka hesabu hii. Katika sehemu nyingi za kisiwa kile mwamba wa matumbawe huanguka wima kama ukuta, na chini yake hapana mchanga wa kumpokea aliyekosea, bali ni maji ya buluu yanayokwenda mamia ya mita. Mwanafunzi anayening'inia mbele ya ukuta ule hana jiwe mguuni, hana kamba kiunoni, wala hana saibu wa kumwangalia. Anao mwenzi aliye karibu naye, na ana kitufe kimoja cha kupandia na kimoja cha kushukia. Kwa hiyo amepata kile ambacho mzamiaji wa lulu hakukipata, nacho ni amri juu ya kurudi kwake.

Amri hiyo hainunuliwi pamoja na koti. Mtu anayevaa chombo asichokielewa, kilichochaguliwa na muuzaji na kulemezwa vizito na mwalimu mwenye haraka, ameirudisha kamba mikononi mwa wengine, ila kwa tofauti moja: saibu alikuwa chomboni akiingojea ishara, na hawa wamekwisha kwenda zao. Wenyeji wa bahari husema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwanafunzi naye, baada ya kuyazunguka maduka yote, atarejea palepale walipoanzia wa kwanza, kwenye kipimo cha uzito wake na pumzi yake. Aanze na hicho katika maji mafupi, kwa koti la kuazima, mpaka aweze kukaa kimya kwa dakika 3 bila ya kugusa kitufe. Ndipo aende dukani.